Sketi ya ngozi ya koko imeota vitu vyeupe: niifue, niipake mafuta au niiache?

#1 Kibuyu cha Monduli

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Nina sketi ya ngozi ya bibi mzaa mama. Kimaasai tunamwita koko. Alifariki mwaka juzi, na yeyo, yaani mama yangu, akanikabidhi mimi kwa madai kwamba ndiye mwenye subira na vitu vya kale. Yeye anasema ni ngozi ya ndama, mimi naona kama mbuzi. Imepakwa olkaria, ule udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya kondoo, mpaka imekuwa na rangi ya tofali. Ukingo wa chini una mistari ya ushanga wa kioo: mweupe, mwekundu na buluu. Upande mmoja zinaning'inia cheni ndogo za shaba, na kiunoni kuna kauri mbili, zile simbi za baharini.

Miaka yote ilikuwa kwenye msumari nyumbani Monduli, chumba cha moto, haijawahi kusumbua mtu. Mimi kwa kujifanya mstaarabu nikaileta Dar mwezi wa tatu, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni isishike vumbi, nikaifungia kabatini. Jana nimeifungua. Imeota vitu vyeupe, kwenye cheni kuna uji wa kijani, harufu haielezeki, na mkono wote umebaki mwekundu.

Dada yangu anataka kuivaa kwenye sendofu yake mwezi wa kumi na mbili. Swali langu ni moja: nifue kwa sabuni gani? Natanguliza shukrani.

#2 Kijogoo

Nimeweka kiti hapa, ngoja waje wanaojua. Kwetu kuna ngozi ya kondoo ya babu, hali hiyohiyo.

#3 Mama Njiti

Mwanangu, ngozi ni ngozi. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya mche, brashi ya viatu, unasugua polepole, unasuuza, unaanika. Ikikauka unapaka mafuta ya nazi. Koti la ngozi la marehemu baba Njiti nimelifua hivyo mara mbili na lipo mpaka leo.

#4 Kahawa Chungu

Kibuyu, kama bado hujaweka maji kwenye beseni, usiweke. Kama umeshaweka, mwagilia maua.

Mwaka fulani nilichukua vazi la ngozi la mama mkubwa nikalifua hivyohivyo anavyosema Mama Njiti. Likiwa limelowa lilikuwa laini ajabu, linateleza kama utumbo. Nikajisifu. Nikalianika kwenye kamba, jua la saa sita. Saa kumi narudi nakuta ubao. Nasema ubao, ukiligonga linalia ko ko ko. Lilikuwa limepungua karibu robo, ushanga umejikunja kama nyoka, na nyuzi zimekatika kwa sababu ngozi imesinyaa wakati ushanga haukusinyaa. Nikajaribu kuokoa kwa kulipeleka kwa drai klina mmoja mjini. Likarudi jepesi, limekauka zaidi, rangi imetoka. Nikaambiwa "tulikueleza hatuna dhamana ya ngozi". Hawakuwa wamenieleza. Mama mkubwa hakunisema neno. Alilichukua tu akaenda nalo chumbani.

#5 Mtunza Stoo

Kahawa Chungu pole, na ahsante kwa kusema wazi, maana wengi wenye hadithi kama hiyo huificha.

Nimefanya kazi kwenye stoo ya makumbusho miaka kumi na moja, na mavazi ya ngozi ndiyo yaliyonizeesha. Nianze na mama yangu Njiti, kwa heshima. Koti la baba Njiti halifanani na sketi ya koko isipokuwa kwa jina. Koti limetoka kiwandani, na ngozi nyingi za makoti huivishwa, yaani hutiwa dawa zisioze, kwa chumvi za kromi. Hiyo ngozi imeshabadilika kabisa, ikilowa inaweza kurudi. Kuna nyingine huivishwa kwa magome: miwati, mgunga, mikoko. (Magome ya mikoko ya Rufiji yalikuwa yakisafirishwa kwa meli tangu enzi za Mjerumani kwa kazi hiyo.) Hizo nazo zina tanini inayoshikamana na nyuzi za ngozi, zinavumilia kiasi.

Ya koko haikuivishwa kwa namna yoyote kati ya hizo. Ilichunwa, ikawambwa kwa mambo, ikakaushwa, ikakwanguliwa manyama, halafu ikafikichwa kwa mafuta na mikono ya watu mpaka ikalainika. Kilicholeta ulaini ni mambo mawili tu: nyuzi zilizoachanishwa kwa kufikichwa, na mafuta yaliyoingia katikati yake yasiziache zishikane tena. Sabuni kazi yake nini? Kuondoa mafuta. Maji yakiingia, nyuzi zinavimba. Yakitoka, zinashikana moja na nyingine na hakuna tena cha kuzitenga. Gundi ya zamani ya maseremala ilikuwa inapikwa kwa ngozi na mifupa, kwa hiyo Kahawa Chungu hakufua vazi, alitengeneza gundi akaianika. Na drai klina akamalizia mafuta yaliyokuwa yamesalia, maana dawa zao ndizo hasa zinazoyeyusha mafuta.

Kibuyu, kabla sijasema chochote cha kufanya, nijibu haya. Hivyo vyeupe ni vya aina moja? Viko wapi, kwenye mikunjo au popote? Ukigusa ni kama nta au kama pamba? Umeona vijiganda vidogo vyenye manyoya, au unga chini ya mfuko? Kijani kiko kwenye shaba tu au kimeshaingia kwenye ngozi? Na huo mfuko wa nailoni, tafadhali utoe leo, sketi uilaze juu ya shuka safi mahali penye hewa na kivuli, mbali na nguo nyingine. Usiitundike.

#6 Kibuyu cha Monduli

Mkuu Mtunza Stoo nimeitoa. Beseni lilikuwa limeshajaa maji kweli, nimewapa mbuzi wa jirani.

Nimeangalia kwa tochi. Vyeupe ni vya aina mbili, sikuwa nimegundua. Kwenye mikunjo na mgongoni ni kama nta ya mshumaa, ukikwaruza kwa ukucha inakusanyika. Upande wa ndani, pale kiunoni, ni kama pamba, ina madoa ya kijivu, na ndipo harufu inapotoka. Kijani kiko kwenye pete za cheni, kimegusa ngozi kidogo. Vijiganda vipo, nimehesabu saba, vyepesi kama pumba, vina vinywele. Na ule wekundu unaendelea kutoka, kila nikigusa.

#7 Fundi Jalada

Mimi najalidi vitabu, nimeona neno "wekundu unatoka" nikashtuka. Hiyo ni maradhi ya ngozi, sisi tunaita uozo mwekundu. Majalada ya ngozi ya mwisho wa karne ya 19 yanafanya hivyo, yanageuka unga mwekundu mkononi. Chanzo ni gesi ya salfa kutoka kwenye moshi wa makaa, inageuka asidi ndani ya ngozi. Haina dawa ya kuirudisha. Pole sana ndugu yangu, hiyo imekwisha.

#8 Mtunza Stoo

Fundi, kwa majalada uko sahihi kabisa, na nakuheshimu kwa hilo. Lakini uozo mwekundu ni ugonjwa wa ngozi zilizoivishwa kwa magome, na hii haina gome hata moja. Wekundu wa Kibuyu ni olkaria. Ni madini ya chuma, kutu ya ardhini ukipenda, na ilipakwa kwa makusudi. Namna ya kutofautisha: chukua chembe kidogo ya huo unga, ifikiche kati ya vidole viwili. Ngozi iliyooza utahisi vumbi la nyuzi na ukiangalia palipotoka utaona pamechimbika. Olkaria inalainika kama poda, inapaka, na ngozi chini yake ni nzima.

Hapa niseme jambo moja ambalo huwa nagombana nalo na wageni kila mwaka. Mtu anaona sketi nyekundu yenye mafuta na harufu ya moshi, anasema "chafu, tuisafishe tuone ngozi yenyewe". Ile olkaria, yale mafuta, ule moshi, hata lile doa linalong'aa ubavuni, ndilo vazi. Ngozi tupu bila hivyo ni malighafi. Wenzetu wa zamani makumbusho walikuwa wanasugua mpaka inang'aa, leo tunalia. Kwa hiyo wekundu ukitoka mkononi, nawa mkono. Sketi iache.

Vyeupe sasa. Vya nta nadhani si ukungu. Ni mafuta ya kondoo yenyewe yaliyokuwa ndani, yamepanda juu yakaganda. Hakikisha hivi: chukua draya ya nywele, iweke joto la chini kabisa, ishike mbali shubiri mbili, pulizia sehemu moja ndogo kwa sekunde chache. Nta ikiyeyuka na kupotea, ni mafuta. Ukungu hauyeyuki. Usizidishe. Ngozi ikiwa imelowa husinyaa ghafla kwenye nyuzi joto 60 na kidogo, na iliyochakaa husinyaa hata kabla ya hapo. Ndiyo maana pasi na maji ya moto ni adui zake wakubwa.

#9 Kibuyu cha Monduli

Nimejaribu sasa hivi kwa draya ya mke wangu (nimeulizwa maswali mengi). Imepotea! Ile ya mgongoni imeyeyuka ikaingia ndani kama haikuwepo. Ya kiunoni imebaki vilevile.

Kwa hiyo ya kiunoni ndiyo ukungu?

#10 Mtunza Stoo

Ndiyo. Na chanzo ni ule mfuko. Monduli ni juu, hewa kavu, na moto wa kila siku ulikuwa unaikausha na kuifukiza. Wewe umeitoa huko ukaileta pwani mwanzo wa masika, ukaifungia ndani ya nailoni pamoja na unyevu wake. Ukungu unaanza kujisikia nyumbani unyevu wa hewa ukivuka asilimia 65, na Dar tunavuka hapo bila hata kujaribu.

Usifute sasa ikiwa bado inanata, utausukumia ndani. Iache kwenye kivuli chenye upepo siku mbili au tatu, feni ikiwa mbali, isielekezwe moja kwa moja. Jua hapana: linapausha na kukaza. Ile pamba ikishakauka inakuwa unga. Hapo toka nje, vaa barakoa na glovu, chukua brashi laini ya kupaka poda usoni, mpya, na sukuma unga kuelekea mashine ya kufyonza vumbi. Mdomo wa mashine ufunge kwa soksi nyembamba ya kike ili ushanga usije ukaliwa. Mtu mwenye pumu asikae karibu, na watoto pia.

Siki usiweke. Spiriti usiweke, inayeyusha mafuta na kuhamisha olkaria, utapata ramani. Dawa ya kung'arishia nguo ndiyo kabisa.

Baada ya hapo doa la kijivu linaweza kubaki. Likibaki, liache.

#11 Dokta wa Mende

Mmeruka vile vijiganda saba, na mimi ndivyo vilivyoniita.

Hayo ni magamba ya mabuu. Buu la dudu la ngozi (wataalamu wanamwita Dermestes) au la mdudu wa mazulia, anayekaribiana naye, hujivua gamba mara kadhaa akikua na kuliacha hapohapo. Kwa hiyo magamba saba hayamaanishi wadudu saba. Anaweza kuwa mmoja mwenye hamu ya kukua, au kumi waliojificha kwenye pindo. Wanakula ngozi, manyoya, kano, hata wadudu wenzao waliokufa. Usipulizie dawa ya mbu, ile dawa imechanganywa na mafuta yanayotia madoa, na sumu itakaa pale ambapo dada atavaa. Vidonge vyeupe vya nondo nao ni hadithi: mvuke wake ni sumu kwako na huingia kwenye mafuta ya ngozi ukakaa.

Dawa ni friza. Ukungu ushughulikiwe kwanza, sketi iwe kavu. Izungushie kitambaa safi cha pamba, itie kwenye mfuko wa nailoni (hapa nailoni inaruhusiwa, ni ya muda), toa hewa yote, funga kwa gundi ya karatasi pasibaki tundu. Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki mbili. Ingiza wakati friza imeshaganda, ipoe haraka, maana mdudu akipoa polepole anazoea. Ukiitoa usifungue! Iache siku nzima ndani ya mfuko mpaka irudie joto la chumba, ili maji yatokayo kwenye hewa yagande nje ya nailoni na si kwenye ngozi. Hapa ndipo watu wanapoharibu.

Na ile kabati ifyonzwe vumbi kwenye pembe zote. Kama kuna zulia la sufu karibu, lichunguze.

#12 Mama Njiti

Mimi nimekubali kushindwa, ila sketi ya marehemu kukaa na samaki kwenye friza wiki mbili, hapo mnanipa mtihani.

#13 Dokta wa Mende

Mama, samaki ahame. Akirudi hatajua.

#14 Mtunza Stoo

Kabla ya friza, Kibuyu angalia ushanga. Kuna kioo cha zamani kinachoumwa: kinatoa jasho, kinanata, au kina nyufa ndogo kama barafu iliyogongwa. Kama upo wa hivyo niambie, friza tutaifikiria upya. Kama ni mkavu na unang'aa, endelea. Ushanga huo mwingi uliingia kwetu kutoka Bohemia, Czech ya leo, na mwingine Venice, na si kila tanuri lilichanganya vizuri.

Kijani cha kwenye cheni: shaba imekutana na mafuta, mafuta yana asidi zake, wamezaa ule uji. Ni laini kama nta, kwa hiyo usitumie sandipepa wala ndimu. Chukua kijiti cha mbao cha kuchokolea meno, kitoe kidogokidogo, futa kwa pamba kavu. Chini ya pete weka kipande cha karatasi ili uchafu usiangukie ngozi. Shaba haitakiwi kung'aa. Ikishaacha kupaka kijani mkononi, inatosha. Kitarudi baada ya miaka, utakitoa tena, ndiyo maisha yake.

Kauri nazo usiziguse kwa kitu chenye uchachu. Ni chokaa, siki inazila wakati unaangalia. Hata kuzifungia kwenye sanduku jipya la mbao au boksi baya kunaziharibu, zinatoa unga mweupe. Zipanguse kwa brashi, basi.

#15 Wa Hanang

Nimesoma mpaka hapa kimya. Sasa naomba nipinge.

Mama zangu Wabarabaig bado wana sketi za ngozi, zile zenye nyuzinyuzi za kuning'inia, na hakuna aliyewahi kuiweka kwenye friza wala kuivalia glovu. Ikianza kukaza wanaipaka mafuta, wanaifikicha, wanaivaa. Imedumu. Ninyi wa makumbusho mnataka vitu vife vikiwa vizuri. Kibuyu, mtafute mama wa kwenu, apake mafuta ya kondoo na olkaria mpya, mambo yaishe. Hiyo sketi inalia njaa.

#16 Mtunza Stoo

Wa Hanang, umenigusa penyewe, na sitakujibu kwa ukali kwa sababu nusu ya unayosema ni kweli.

Sketi inayovaliwa kila siku inapata joto la mwili na inafikichwa kila hatua. Mafuta yakipakwa yanasukumwa ndani, na ya zamani yanatoka. Mama anaiona kila siku, mdudu hapati nafasi ya kupanga chumba. Kwa sketi hiyo, mafuta ni chakula kama ulivyosema. Lakini ukiipaka sketi ile ile mafuta na kuilaza kabatini, mafuta yanakaa juu. Yanachacha, yananata, yanakamata vumbi, yanawaita haohao wadudu, na mengine yanakauka na kukazisha ngozi. Tulipita huko. Makumbusho mengi duniani yalikuwa yanapaka ngozi mafuta kila baada ya miaka michache kama ratiba, na baadaye yakaacha baada ya kuona yanajitengenezea kazi. Kwa hiyo swali si mafuta au hapana mafuta. Ni je, inavaliwa?

Na ukweli mwingine: kilichopanda juu ya sketi ya Kibuyu kama nta kinaonyesha ina mafuta mengi tu. Hailii njaa, imeshiba.

#17 Gathoni wa Murang'a

Nachangia kutoka ng'ambo ya mpaka. Kwetu Agikuyu nguo za ngozi, muthuru na mwengu, zilikuwa zinalainishwa kwa mafuta ya mbariki, hayo mnayoita ya nyonyo. Nina mwengu wa nyanya. Miaka mitano iliyopita mimi mwenyewe niliupaka mafuta ya nyonyo ya dukani nikiamini narudisha desturi. Umebaki unanata mpaka leo, kila unywele wa paka wangu uko pale. Alichosema Mtunza Stoo kuhusu kuvaliwa ndicho nilichokosa kuelewa. Nyanya alipaka nguo na mwili, na akaenda shambani navyo. Mimi nilipaka nikafunga droo.

Kuna namna ya kuutoa huo unataji?

#18 Mtunza Stoo

Dada Gathoni, usijaribu kwa dawa. Kinachowezekana nyumbani ni kuulaza juu ya karatasi nyeupe isiyo na wino, juu karatasi nyingine, uzito mwepesi kama kitabu kimoja, siku chache, ubadilishe karatasi. Itanyonya kidogo. Ushanga usikandamizwe. Yaliyobaki mpelekee mhifadhi wa makumbusho, na umwambie ukweli ulipaka nini na lini. Hakuna atakayekucheka, sote tumepaka.

Na kwa yeyote anayesoma hapa baada ya kununua vazi la zamani lililowahi kukaa kwenye mkusanyiko wa Ulaya au makumbusho: vaa glovu na usimvalishe mtu. Zamani walikuwa wakiyapaka aseniki dhidi ya wadudu, na aseniki haiondoki kwa miaka. Vya kutoka msumarini kwa bibi havina shida hiyo.

#19 Kibuyu cha Monduli

Wakuu, nimerudi baada ya wiki nne. Mrejesho.

Ukungu umetoka wote kwa brashi, limebaki doa la ukubwa wa kiganja kwa ndani. Kijani nimekitoa kwa vijiti, boksi zima, jioni tatu nikisikiliza mpira. Ushanga ulikuwa mzima, hivyo ikaingia friza ya duka la jirani anayeuza barafu, siku kumi na sita. Nilipofungua nikakuta mabuu mawili yamekufa kwenye pindo. Mawili tu, Dokta.

Lakini lililonifanya niandike ni jingine. Pale ubavuni kushoto kuna sehemu nyeusi inayong'aa, imekuwa kama kioo. Niliwaza ndiyo itakayonisumbua, maana inaonekana hata kwa mbali. Nikampigia yeyo kumuuliza kama ni lami au nini. Akacheka. Akasema hapo ndipo koko alipokuwa anampachika mtoto akiwa anatembea. Watoto sita na wajukuu. Akasema, "Na wewe umepaka hapo." Nikaiacha kama ilivyo.

Sasa naitunzaje? Msumari wa Monduli siwezi kuuhamishia Dar.

#20 Mtunza Stoo

Basi hapo umenipa mshahara wangu wa mwezi.

Nunua marekani, ile pamba ghafi isiyopaushwa. Ifue kwanza mara mbili kwa maji ya moto bila sabuni ya manukato, kutoa wanga wa kiwandani, maana wanga nao wadudu wanaupenda. Sketi isikunjwe tena, mkunjo ndio unaovunja. Kama una nafasi ilale bapa kwenye boksi pana. Kama huna, tafuta bomba nene la karatasi lile la vitambaa, livishe marekani mpaka liwe nene, kisha viringisha sketi juu yake, ushanga ukiangalia nje, na marekani nyingine kati ya kila mzunguko ili cheni isigandamize ngozi. Funga kwa utepe mpana, si raba. Nailoni hapana. Kabati lisigusane na ukuta wa bafu. Weka kipima unyevu kidogo ndani, kikienda juu ya 65 fungua milango feni izunguke. Na kila baada ya miezi mitatu itoe uiangalie. Hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote, kuangalia. Moto wa Monduli haukuwa dawa peke yake, ulimaanisha kuna mtu chumbani.

#21 Wa Hanang

Na sendofu? Mmelikwepa.

#22 Mtunza Stoo

Sijalikwepa, nilikuwa naogopa. Sketi ni yao, mimi si mtoa vibali. Kama ni saa moja, kuingia ukumbini na kusimama, bila kucheza, bila marashi, juu ya kitambaa kinachoizuia na jasho, ngozi itavumilia. Nyuzi za ushanga ndizo zenye wasiwasi, kama ni kano za zamani zinakatika ghafla. Azivute? Hapana. Aketi? Hapana. Kama anataka kurukaruka usiku kucha, atengenezewe mpya.

#23 Kibuyu cha Monduli

Tumeshaongea. Yeyo anamjua mama mmoja Monduli anayetengeneza bado, ametumiwa picha ya ukingo ahesabu mistari. Mpya itachezewa. Ya koko ataivaa wakati wa kuingia tu, halafu tunaivua nyuma ya pazia. Wa Hanang ufurahi, ile mpya itapakwa mafuta na olkaria mpaka suti za wakwe ziseme.

#24 Wa Hanang

Nimefurahi. Nitumie kadi.

#25 Kijogoo

Wakuu samahani kuchelewa, kiti kilikuwa kizuri nikasinzia. Ile ngozi ya kondoo ya babu nimeshaifua wiki iliyopita kabla sijamaliza kusoma. Inalia ko ko ko. Kuna la kufanya?

#26 Kahawa Chungu

Njoo inbox ndugu yangu. Tuna chama.